Bonde la Vinschgau kwa baiskeli: fuata maji toka Reschen mpaka Meran

Wadau wengi, hasa nyie wenzetu mnaoishi Ujerumani, Austria na Uswisi, mmekuwa mkiniuliza mtu akitaka kuanza safari za baiskeli za mbali, zile za kubeba mabegi na kulala njiani, aanzie wapi kwenye milima ya Alpi bila kujiumiza. Jibu langu halijabadilika: panda mpaka Reschen, halafu shuka bonde la Vinschgau mpaka Meran. Na usikimbie. Hilo la kutokimbia ndo limenifanya nikae leo niandike kwa urefu, maana naona watu wanalipita bonde lote siku moja tu, picha mbili tatu, jioni wako Meran wanakula aiskrimu, na bonde lenyewe wameliacha nyuma bila kulijua.

Vinschgau iko kaskazini kabisa mwa Italia, kwenye kona ile Italia, Austria na Uswisi zinapokutana. Kwa Kiitaliano ni Val Venosta, na vibao vyote vya barabarani utakuta vina majina mawili, la Kijerumani na la Kiitaliano, kwa hiyo Mals na Malles ni mji mmoja, Glurns na Glorenza ni mji mmoja, usije ukababaika njia panda. Juu kule Reschen uko mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, chini Meran uko mita 325, katikati kuna kilomita kama 80, na karibu njia nzima ni ya baiskeli peke yake, magari yako mbali upande wa pili wa mashamba. Yaani mteremko ndo unafanya kazi kubwa. Nimeona wazee wa miaka sabini na kitu wanashuka taratibu na mabegi yao kwenye keria, nimeona akina mama na watoto wa shule ya msingi kila mtu na kibaiskeli chake.

Sasa mi nikipita pale huwa nafuata kitu kimoja, maji. Watu wakifika Alpi wanatazama juu, vilele na barafu, na ni sawa, Ortler pale ina mita 3,905 na ukiiona asubuhi anga ikiwa safi unasimama mwenyewe. Lakini bonde lile limejengwa na maji, na ugomvi wa watu wake, utajiri wao, sheria zao, hata uchungu wao mkubwa kuliko wote, vyote vinatoka kwenye maji. Bonde ni kavu. Watu hawaamini nikisema hivyo kwa sababu wanaona kijani kila mahali, ila milima mirefu imelizunguka pande zote na inazuia mawingu, mvua inayonyesha kwa mwaka ni milimita 500 hivi, ni kiwango cha Dodoma hicho. Kijani chote unachokiona kimemwagiliwa. Theluji inayeyuka juu, maji yanashuka, na kwa karne nyingi watu wamekuwa wakiyakamata na kuyagawana. Ukishalijua hilo safari nzima inabadilika, unaanza kuuliza haya maji yanatoka wapi, yanaenda kwa nani.

Tuanze na kufika. Njia ninayoipenda inaanzia Landeck, Austria, unafika hapo kwa treni kutoka Innsbruck (mji alikozaliwa Ludwig Purtscheller, yule aliyefika kileleni Kibo pamoja na Hans Meyer mwaka 1889, nimeona niliseme hilo kwa ajili ya watu wa Moshi). Kutoka Landeck unapanda taratibu kufuata mto Inn, halafu unaingia Uswisi kidogo pale Martina, na hapo ndo pana mlima wenyewe, kona 11 zinazojikunja mpaka Norbertshöhe, mita 1,405, kisha unadondokea Nauders. Usidanganyike kupitia barabara kuu ya Finstermünz kwa baiskeli, kuna malori, kuna sehemu zimefunikwa na zege juu na giza ndani, haifai. Kona za Martina zina mteremko wa wastani, weka gia ndogo, kunywa maji, hutachoka vibaya. Na kama hutaki kupanda kabisa, kipindi cha kiangazi kuna mabasi yanayobeba baiskeli mpaka juu, hakuna aibu yoyote, na ukitokea upande wa Italia panda treni mpaka Mals halafu basi.

Njia hii ni ya zamani sana. Warumi walipitisha hapa barabara yao ya kuvuka Alpi, Via Claudia Augusta. Jemadari wao Drusus aliianza mwaka 15 kabla ya Kristo, na mwanawe, Kaisari Klaudio, ndo aliyeimalizia miaka kama 60 baadaye, na jiwe lao moja la kuhesabia umbali lilichimbuliwa Rabland, kule chini karibu na Meran. Njia ya baiskeli ya leo inatumia jina hilo hilo. Wao walipita hapa kwa sababu Reschen ni njia ya chini ukilinganisha na nyingine nyingi za kuvuka Alpi, na sisi tunapita kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu unafika ziwani. Mnara wa kengele umesimama katikati ya maji peke yake, hauna kanisa, hauna kijiji. Hapo ndo kila mtu anapiga picha. Naomba ukifika hapo ushuke kwenye baiskeli ukae.

Kijiji kilichokuwa hapo kiliitwa Graun. Mnara ni wa karne ya 14. Zamani palikuwa na maziwa madogo ya asili, na mpango wa kwanza wa umeme ulikuwa kuyainua mita 5 tu, watu wangeweza kuishi na hilo. Baadaye, wakati wa utawala wa Mussolini, mpango ukabadilishwa kimyakimya ukawa mita 22. Tangazo lilibandikwa kwa Kiitaliano, kwenye kijiji ambacho watu wake walikuwa wanaongea Kijerumani. Inabidi kukumbuka eneo hili lote lilikuwa la Austria mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Italia ikalichukua, na chini ya Mafashisti shule za Kijerumani zikapigwa marufuku. Watu wa Graun wakaandikiwa hukumu ya kijiji chao kwa lugha ya waliowatawala. Vita Kuu ya Pili ikasimamisha kazi, watu wakapumua, halafu mwaka 1947 kampuni ya Montecatini ikaendelea na ujenzi. Paroko wao, Alfred Rieper, aliwapigania, akafika mpaka Roma kwa Papa Pius XII. Haikusaidia. Mwaka 1950 kengele ziliteremshwa, nyumba zikalipuliwa kwa baruti moja baada ya nyingine, maji yakajaa. Nyumba 163, na hekta 523 za mashamba na malisho. Fidia ilikuwa ndogo, familia nyingi zikahama moja kwa moja, wachache wakajenga Graun mpya pembeni, juu ya maji.

Mwaka 2021 maji yalipunguzwa kwa ajili ya matengenezo na misingi ya nyumba ikaonekana tena, ngazi, kuta za chini, watu wakatembea kwenye matope kuangalia palipokuwa kwao. Nimekaa kwenye benchi pale zaidi ya mara moja na kila mara nakasirika upya. Umeme unahitajika, sikatai hilo hata kidogo, na sisi nyumbani tunajenga mabwawa na tunayahitaji. Lakini kuna namna ya kumwambia mtu kwamba shamba lake litazama, na kuna namna ya kutomwambia kabisa. Kwa hiyo ukipiga picha yako ya mnara, piga, ni mzuri kweli, ila wasimulie watu wako hicho kisa.

Njia ya kuzunguka ziwa ni kilomita 15 hivi. Upande wa magharibi ndo mzuri zaidi, una msitu na gari hakuna, utakutana na vimilima vifupi viwili vitatu vya kukutoa jasho. Upepo ni mkali sana pale, ndo maana utaona watu wanaruka majini na vishada vyao vikubwa, beba koti hata Julai. Karibu na kijiji cha Reschen kuna chemchemi ya mto Etsch, kwa Kiitaliano Adige, unatembea kidogo kupanda. Kijimaji kidogo tu kinatoka ardhini. Huo ndo mto wa pili kwa urefu Italia nzima baada ya Po, zaidi ya kilomita 400 mpaka bahari ya Adriatiki, na kuanzia hapo ndo utakuwa nao pembeni, mara kushoto mara kulia, mpaka mwisho wa safari.

Baada ya ziwa kuna ziwa jingine dogo, Haidersee, kijiji cha St. Valentin, halafu ardhi inafunguka. Hii sehemu inaitwa Malser Haide, ni mteremko mkubwa mpana uliotengenezwa na mchanga na mawe yaliyoshushwa na mito kwa maelfu ya miaka, ni moja ya miteremko mikubwa ya namna hiyo kwenye Alpi nzima. Hapa kuna mteremko mkali wa baiskeli kwenda Burgeis, kagua breki zako kabla, nasema kweli, mtu mwenye mabegi ya kilo ishirini asiende pale na breki zilizoisha. Juu ya Burgeis utaona jengo kubwa jeupe limekaa ubavuni mwa mlima, hiyo ni Marienberg, monasteri ya Wabenedikto, mita 1,340, na ndani ya pango la chini la kanisa kuna picha za malaika za karne ya 12 ambazo rangi zake bado zinawaka. Kupanda na baiskeli ni kazi, acha baiskeli chini upande kwa miguu.

Na hapa Malser Haide ndo utakutana na mifereji. Wenyewe wanaiita Waale. Ni mifereji ya kienyeji, mingine ina mamia ya miaka, inakamata maji ya kijito cha mlimani huko juu kabisa halafu inayatembeza ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo sana, kilomita kwa kilomita, mpaka kwenye mashamba. Palipo na mwamba walitundika magogo yaliyochongwa katikati, maji yakavuka juu ya korongo. Nilipita huko na binamu yangu aliyekuja kututembelea kutoka Kibosho, yeye hapendi sana baiskeli lakini nilimkodishia ya umeme akakubali. Tulipofika kwenye mfereji wa kwanza alisimama, akainama, akaangalia palipozibwa kwa ubao na majani, akaniambia, "Kaka, huu si mfongo huu?" Basi ikawa ndo mazungumzo yetu mchana kutwa. Maana Wachaga nao wamefanya jambo hilo hilo Kilimanjaro kwa karne nyingi, kukamata mto ndani ya msitu na kuuleta kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, na sheria zake zinafanana mpaka unashangaa: zamu za maji kwa saa, mchana na usiku, kila mwenye haki anajua saa yake, kusafisha mfereji pamoja msimu ukianza, asiyekuja anatozwa, na mtu mmoja anayeaminiwa na wote kusimamia.

Kwa Vinschgau mtu huyo anaitwa Waaler. Kazi yake ilikuwa kutembea mfereji mzima kila siku, kutoa matawi, kuziba palipovuja, kugeuza maji kwa zamu. Na walikuwa na kifaa ambacho binamu yangu alikipenda kupita mnara wa ziwani: gurudumu dogo la mbao linalozungushwa na maji ya mfereji, na kila likizunguka linainua nyundo inayogonga ubao au kengele, ko, ko, ko. Waaler akiwa kitandani kwenye kibanda chake anasikia. Mlio ukikatika anajua huko juu mfereji umeziba au kuna mtu kaiba maji, anaamka anachukua taa anapanda. Baadhi bado zinagonga mpaka leo. Mwaka 2023 UNESCO iliingiza umwagiliaji wa jadi wa nchi saba za Ulaya, Italia ikiwemo, kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni, na kwa maoni yangu mifongo ya kwetu inastahili heshima ya namna hiyo hiyo, wazee wanaoijua bado tunao, wasikilizwe sasa hivi.

Jambo la kuzingatia: vijia vinavyofuata Waale ni vya kutembea kwa miguu. Usipande na baiskeli. Ni vyembamba, upande mmoja maji upande mwingine korongo, na wenyeji hawapendi. Fungia baiskeli kijijini, tembea saa moja au mbili, rudi. Hii ndo sababu nasema usikimbie, kwa sababu vitu vizuri vya bonde hili viko hatua chache nje ya njia ya baiskeli.

Mals wenyewe ni mji mdogo, na wakazi wa halmashauri nzima ni kama 5,000. Mwaka 2014 walipiga kura kuhusu dawa za kuua wadudu mashambani. Mashamba ya matufaa yalikuwa yanapanda bonde mwaka hadi mwaka, na wakulima wa majani ya ng'ombe na wale wa kilimo hai walikuwa wanaona dawa inapeperushwa na ule upepo mpaka kwao. Asilimia 75 ya waliopiga kura walisema hatutaki dawa za kemikali kwenye eneo letu. Kijiji cha mlimani kimeamua hivyo peke yake, habari zikaenda dunia nzima. Baadaye mahakama ya utawala ikabatilisha kanuni ya halmashauri, ikaonekana hayo si mamlaka yao. Ukipita leo ongea na watu, utakuta bado mada inawagusa, na wakulima wa matufaa nao wana hoja zao, wana mikopo, wana watoto shuleni, wengine wameshahamia kilimo hai wenyewe. Mi nimekaa upande wa waliopiga kura ya ndiyo na sifichi, ila nilimsikiliza mzee mmoja mwenye shamba la matufaa akinieleza miaka ambayo jalidi ilimla mavuno yote na nikaelewa kwa nini anaogopa kubadilisha chochote.

Chini ya Mals kuna Glurns, mji wenye ukuta kamili kuuzunguka, unaingia kwa lango. Watu kama 900 tu. Mwaka 1499 palipiganwa vita karibu na hapo, Calven, mji ukachomwa, Kaisari Maximilian akaagiza ujengwe upya na kuta, na kuta zimesimama mpaka leo. Lala hapo ukiweza. Usiku wageni wa mchana wakishaondoka ni wewe na wenyeji. Kuna aina ya peasi ya huko inaitwa Palabirne, wanaikausha, wanaitia kwenye mkate, na mikate ya bonde hili mi ndo nabeba kwenye begi: mikate bapa ya nafaka ya rai inayookwa miwili miwili imeungana, ina harufu ya majani fulani ya mlimani, haiharibiki haraka, ukiwa na jibini na tufaa umemaliza mlo.

Ukifika kijiji cha Prad, wanaopenda kupanda wataona kibao cha Stilfserjoch, ile njia maarufu ya kuvuka mlima, kwa Kiitaliano Stelvio. Mita 2,757, kona 48 kutoka upande huu, barabara iliyojengwa 1820 mpaka 1825 chini ya mhandisi Carlo Donegani, na hapo ndo mwendesha baiskeli Fausto Coppi alipolishinda Giro la 1953, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Italia. Si safari ya mabegi. Acha mizigo hotelini, anza alfajiri, na kama unaweza ngoja ile siku moja karibu na mwisho wa Agosti ambapo wanaifunga kwa magari yote na kuwaachia waendesha baiskeli peke yao.

Kutoka Prad mpaka Schlanders bonde ni tambarare kiasi, mto umetulia, na unapita Laas, kijiji cha marumaru. Ni marumaru nyeupe ngumu sana, inatolewa juu mlimani na kushushwa kwa reli ya mteremko. Baada ya Vita Kuu ya Pili misalaba ya makaburi ya wanajeshi wa Marekani, maelfu kwa maelfu, ilichongwa kwa jiwe la hapa. Kijijini unaikanyaga, imetandazwa pembeni mwa barabara. Ukipita mwezi wa saba mwishoni au wa nane mwanzoni nunua aprikoti za bonde, zinaiva kipindi hicho, zinauzwa pembeni mwa njia kwenye vikapu.

Kisha matufaa. Kuanzia hapa mpaka Meran unaendesha katikati ya matufaa, safu na safu, kushoto na kulia. Mkoa huu wa Tirol Kusini unatoa karibu nusu ya matufaa ya Italia nzima. Na tunarudi kwenye maji tena: mwezi wa nne maua yakishachanua halafu usiku ukaingia baridi chini ya sifuri, wakulima wanafungua vinyunyizio usiku wa manane na kulowesha miti yote. Inaonekana kinyume, unaogopa baridi halafu unamwaga maji? Lakini maji yanapoganda yanatoa joto, na kadiri unavyoendelea kunyunyiza ua lililo ndani ya barafu linabaki kwenye sifuri hivi, haliungui. Ukizima mapema limekufa. Kwa hiyo hulali, unasikia pampu na unaangalia kipimajoto mpaka jua lipande. Asubuhi yake shamba zima limefunikwa na barafu inayong'aa na maua yako ndani mazima. Ukibahatika kulala Latsch au Schlanders usiku wa namna hiyo, amka kabla ya saa kumi na mbili utoke nje.

Mashambani kuna adabu zake. Trekta lina haki ya kupita, sogea pembeni, simama. Kipindi cha kupulizia dawa ukiona mashine inatoa ukungu ngoja mkulima amalize safu. Matufaa usichume, hata lile lililoinamia njiani, kuna vibanda vya kujihudumia unaweka hela kwenye kisanduku unachukua. Na usiendeshe watatu kwa upana, Jumapili mwezi wa tisa njia inajaa mpaka inakuwa hatari, baiskeli za umeme zinakuja kwa kasi na wengine bado wanajifunza breki.

Sasa treni. Bila hii treni sidhani kama bonde lingekuwa hivi kwa waendesha baiskeli. Reli ya Meran mpaka Mals ilifunguliwa 1906, ikafungwa 1990 wakisema haina faida, nyasi zikaota relini, na wenyeji pamoja na serikali ya mkoa hawakukubali, wakaifufua, treni zikaanza tena Mei 2005. Leo ukichoka Naturns unapanda, ukinyeshewa Laas unapanda, mtoto akigoma Latsch mnapanda. Unaweza kukodi baiskeli karibu na stesheni moja ukaiacha stesheni nyingine. Hoteli nyingi zinakupa kadi ya wageni ya kupanda treni na mabasi bure, ila tiketi ya baiskeli ni kivyake, na kiangazi behewa linajaa kwa hiyo panda asubuhi mapema. Reli imekuwa kwenye kazi za kuwekwa umeme na kuna vipindi inafungwa, angalia ratiba kabla hujaondoka nyumbani.

Naturns nakaa kidogo tu kwa ajili ya kikanisa cha Mtakatifu Prokulo, kidogo kabisa, kimezungukwa na mashamba, ndani kuna michoro ya kale sana na mmoja ni wa mtu amekaa kwenye kamba anabembea. Kabla ya Naturns bonde la Schnals linaingia kutoka kaskazini, na juu yake kabisa, mita 3,210, ndo alipopatikana Ötzi mwaka 1991, yule mtu aliyekaa ndani ya barafu zaidi ya miaka 5,000. Mwenyewe yuko makumbusho Bozen.

Halafu Töll, na hapo bonde linadondoka ghafla. Njia ya baiskeli inajikunja kona juu ya kona kushuka Algund, Meran yote iko chini yako, na hewa inabadilika ndani ya dakika chache, unaanza kuona mizabibu na miti midogo ya jamii ya minazi bustanini. Ni sehemu ya kushuka taratibu, kona ni kali na kuna wanaopanda. Kama bado una nusu siku, fungia baiskeli utembee mfereji wa Marling, kilomita 12, mrefu kuliko Waale zote za mkoa, uko tambarare ubavuni mwa mlima na unauona mji wote chini.

Msimu mzuri ni mwisho wa Aprili kwa ajili ya maua, ingawa juu Reschen bado kuna theluji wakati huo kwa hiyo anzia Mals. Juni na Julai kwa ajili ya kuvuka kutoka Austria. Na Septemba kwa matufaa na peasi, kama unavumilia watu wengi. Tairi za kawaida za safari zinatosha, tyubu mbili za akiba na pampu, koti la upepo, helmeti. Vyakula vya kienyeji vina nyama ya nguruwe sana, asiyekula aulize kabla ya kuagiza hata supu, hawaoni ubaya kuulizwa, wanakuletea jibini, mayai na mboga.

Na ukifika Meran ukiwa bado na miguu, mto unaendelea na njia inaendelea nao, Bozen ni kama kilomita 30 tu chini, kisha Trento, kisha Verona. Huko bonde linapanuka na joto linaongezeka, mto umenyooshwa na kuwekewa kingo, na unaendesha juu ya tuta lenyewe siku nzima. Hiyo nitaiandika makala yake peke yake, maana ina mambo yake. Wanaotaka kwenda mwaka huu wenye maswali ya njia, ya viza ya Schengen kwa ndugu wanaotoka nyumbani, au ya baiskeli gani ukodi, niulizeni tu, nitajibu kila mtu.